Kozi ya Chuo Kikuu: Ajichagulie au Achaguliwe?

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi wa saba, kila baraza la Unguja na Pemba hugeuka kamati ya udahili. Ami anasema udaktari. Khalu anasema uhasibu, maana mabenki hayafungwi. Jirani aliyewahi kukaa Muscat anauliza kusoma kote huko kwa nini, mtoto apelekwe akatafute. Mwenye matokeo yake kakaa pembeni na simu mkononi, na ukimuuliza yeye anataka nini anajibu "chochote tu." Jibu hilo lina tafsiri mbili: ama hajui anachokitaka, au anakijua lakini anajua pia kuwa hatosikilizwa.

Nani achague kozi? Majibu yanayotumika hapa kwetu ni manne, na yote yana watetezi wenye akili zao. Mwanafunzi achague mwenyewe. Mzazi amchagulie. Serikali ipange kwa mahitaji ya nchi. Au chuo kiamue, hasa mtu akishaingia ndani na kuanza kupangiwa masomo ya lazima na ya hiari. Nimeyaweka pamoja ili yapimike, na kipimo changu ni kimoja: kozi ikija kuonekana kuwa haikumfaa mtu, nani anaibeba hasara? Nasema mapema kwamba kwangu mimi neno la mwisho ni la mwanafunzi. Lakini la mwisho tu, si maneno yote, na wengi hugombana bure kwa kuyachanganya hayo mawili.

Kilichobaki cha kuchagua

Mjadala wa baraza mara nyingi huanza mambo yameshapita. Aliyesoma kombi ya HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza kwa Kidato cha Tano na cha Sita, hawezi kuamka mwezi wa saba akaomba udaktari. Udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu, na zote kwa kiwango cha prinsipo, yaani ufaulu wa somo kuu. Aliyesoma PCB, yaani masomo hayo matatu, ambaye hesabu yake ni ile ndogo ya nyongeza, atahangaika kuingia uhandisi. Kizingiti cha jumla cha shahada ya kwanza nchini ni prinsipo mbili zenye pointi zisizopungua 4 katika masomo yanayoendana na kozi, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha mlangoni. Kozi zinazogombaniwa hupanda juu zaidi kwa sababu viti ni vichache kuliko makalio.

Kwa hiyo mchaguzi wa kwanza wa kozi ya chuo kikuu ni ile siku mtoto alipopangiwa kombi ya Kidato cha Tano, na kabla yake ni ile siku alipoambiwa aende sayansi au sanaa akiwa na miaka 15 hivi. Nani aliamua siku hiyo? Mara nyingi ni alama. Mtoto akiwa na akili husemwa "huyu sayansi," na aliyebaki husemwa "huyu sanaa," kana kwamba historia na lugha ni jaa la walioshindwa. Waliofaulu zaidi huishia skuli kama Lumumba kwa Unguja au Fidel Castro kwa Pemba, na ukishafika huko hakuna anayekuuliza kama unaipenda kemia.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha iliyopanuliwa ya tahasusi, yaani kombi, za Kidato cha Tano, ikafika 65. Ni hatua nzuri kwenye karatasi. Ila orodha ndefu haimsaidii mtoto ambaye skuli yake haina mwalimu wa fizikia, au inaye mmoja anayefundisha madarasa manne. Mzazi anayetaka kweli mwanawe achague, basi pirika zake azianze Kidato cha Pili. Akisubiri mpaka matokeo ya sita, anachogombania ni mabaki.

Mabaki hayo lakini si haba. Mwenye PCB hana udaktari peke yake: ana famasia, maabara, uuguzi, lishe, kilimo, uvuvi, sayansi za bahari, ualimu wa sayansi. Mwenye HGE (historia, jiografia, uchumi) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu) ana uchumi, mipango miji, takwimu, utalii, usimamizi wa fedha. Ugomvi wa kweli uko ndani ya familia hizi za kozi, na ndiyo maana unauma. Mtoto hagombani na baba yake kuhusu kuwa rubani au mganga. Wanagombana kuhusu famasia na uvuvi.

Mzazi akichagua, mtoto akichagua

Tumtendee haki mzazi kwanza, maana vijana humsimulia kama jini. Mzazi anayajua mambo ambayo mwenye miaka 19 hawezi kuyajua. Anajua ni kazi gani mtu hubaki nayo akiwa na miaka 50. Anajua nani katika ukoo alisoma nini na yuko wapi leo. Anajua, na hili ni kubwa, nyumba ina watoto wangapi nyuma ya huyu na pesa zitakwisha mwaka gani. Wazee wanaposema mchagua nazi hupata koroma hawana ubaya. Wameona vijana waliozunguka kozi tatu kwa miaka mitano wakarudi na cheti kisichoeleweka.

Asichokijua mzazi ni kozi yenyewe. Anaijua kwa jina. Anasema "uhasibu" akimwona mtu wa benki aliyevaa tai; haoni muhula mzima wa takwimu na sheria za kodi. Anasema "udaktari" akiiona ile heshima ya msikitini, mtu anapishwa saffu ya mbele. Haoni miaka 5 ya darasa na wodi, na mwaka 1 wa mafunzo ya kazi baada yake kabla hajaruhusiwa kusimama peke yake. Na mfano unaonichekesha kila mwaka ni Kiswahili. Mtoto akisema anataka shahada ya Kiswahili, nyumba nzima hushika viuno: "Kwani Kiswahili hukijui, hata uende ukakisome miaka mitatu?" Haya yanasemwa Zanzibar, kwenye lahaja ya Mjini iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, ambako wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kujifunza Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ile TAKILUKI ambayo sasa iko ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika umeifanya lugha hii kuwa lugha yake ya kazi, kuna wakalimani na wafasiri watakaohitajika, na mtoto wa Makunduchi au Micheweni anaambiwa asipoteze muda. Simaanishi kila mtu akimbilie huko, maana ajira za ukalimani si nyingi kama midomo inavyosema. Nasema tu kwamba aliyekataa hakukataa kozi, amekataa jina.

Mtoto naye ana upofu wake. Anachokipenda mara nyingi ni kile alichokuwa na mwalimu mzuri wa kukifundisha. Anachokichukia ni kile alichopigiwa bakora. Wengine huchagua kozi kwa sababu rafiki zao wameichagua, wapande gari moja kwenda chuoni Tunguu. Wengine wamevutwa na picha za simuni, akili bandia na biashara ya mtandaoni, bila ya kufungua hata kurasa mbili za mtaala wakaona kuwa ndani yake mna hesabu kuanzia wiki ya kwanza. Tangu mwaka 2023 tuna kampasi ya IIT Madras hapa hapa Zanzibar, inayofundisha sayansi ya data na akili bandia. Ni fahari. Lakini aliyeikimbia hesabu tokea Kidato cha Pili asidhani kompyuta itamficha.

Basi tukiupima upofu huu wa pande mbili, nani aongoze? Narudi kwenye hasara. Mzazi akikosea, anapoteza ada na anabaki na lawama. Hizo ni hasara za kweli, nisizidharau. Mtoto, kozi ikikosewa kwa niaba yake, anapoteza miaka mitatu au mitano ya ujana, anakaa na sapu, ile mitihani ya marudio, kila muhula, na akihitimu anaingia kwenye kazi ya miaka 30 akiwa hana hamu nayo. Mgonjwa atakayelala mbele ya daktari asiyeutaka udaktari naye ana hasara yake, ila yeye hakuitwa barazani. Kwa hiyo mzazi awe na sauti kamili juu ya pesa na mahali: "uwezo wangu ni huu, nauli yangu ni hii, chaguo lolote lipite hapo." Na mtoto awe na sauti kamili juu ya somo. Mzazi anayesema "sina ada ya chuo binafsi cha Bara" amesema jambo la haki. Anayesema "ada ninayo, lakini ni ya uhasibu tu" amenunua maisha ya mtu kwa ada ya muhula.

Kuna jambo la mahali ambalo miongozo ya udahili hailiandiki. Kijana wa Pemba akichagua kozi, anachagua na boti. Kisiwani kwake ipo kampasi ya Benjamin Mkapa ya chuo cha taifa, lakini sehemu kubwa ya kozi za shahada ziko Unguja: Tunguu kwa chuo cha taifa na kwa Zanzibar University, Chukwani kwa chuo kikuu cha SUMAIT, Mbweni kwa masomo ya afya. Kwa hiyo mkataba wa kozi ni mkataba wa nauli, chumba cha kupanga au dahalia, na jamaa wa kumwangalia. Kwa mtoto wa kike hili huzidi. Nimeona wasichana wenye pointi za kwenda kusoma Dodoma au Dar es Salaam wakaishia kozi isiyowahusu kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na nyumba ya shangazi. Wazazi wao watakwambia hawakuwachagulia kozi, na kwa maneno yao ni kweli, waliwachagulia nyumba tu. Kama hofu ni usalama na heshima, basi itafutwe dahalia nzuri, aulizwe mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili anaishi vipi. Nyumba ya shangazi isiwe ndiyo inayoamua kama nchi itapata mhandisi wa maji au haitampata.

Serikali na mkopo wake

Wazee wetu waliosoma miaka ya 1960 na 1970 hawakuulizwa sana. Elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na vijana wakaanza kupelekwa Ujerumani Mashariki, Urusi ya wakati ule, China na kwengineko, kusomea kile ambacho nchi ilikihitaji. Kwa Tanzania nzima, Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Leo tukisimuliwa tunaona kama jela. Lakini kuna jambo katika utaratibu ule ambalo wengi wanalisahau: aliyekuchagulia kozi ndiye aliyekuajiri. Ukipelekwa kusomea mifugo, unarudi unakuta ofisi ya mifugo inakusubiri. Serikali ilishika kalamu, na hasara ikaibeba pia.

Siku hizi serikali inashika sehemu ya kalamu lakini ajira haiahidi. Hapo ndipo hoja ya "isomwe fani ya kipaumbele" inapolegea. Tumeona mfano wa mafuta na gesi. Gesi ilipoanza kugunduliwa kwenye bahari kuu ya kusini mwa Tanzania kuanzia mwaka 2010, kozi za petroli ziligeuka kuwa ndizo habari ya mjini. Zanzibar nayo ikatunga Sheria ya Mafuta na Gesi mwaka 2016, na mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Wakati huo huo mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi ukawa unachelewa mwaka hadi mwaka. Waliohitimu katikati ya subira hiyo hawakulipwa fidia na mtu. Sasa wimbo ni uchumi wa buluu, na tokea 2020 tuna wizara yenye jina hilo. Naamini una ukweli zaidi kwetu kuliko gesi, kwa sababu bahari ipo, mwani upo tokea mwisho wa miaka ya 1980, samaki wapo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja tokea miaka ya 1970. Hata hivyo anayeingia uvuvi na ufugaji wa samaki kwa sababu tu ya hotuba, ajue kuwa hotuba hubadilika kabla ya mahafali yake.

Wengine wamekwenda mbali zaidi yetu. Ethiopia, mwaka 2008, iliweka sera ya 70 kwa 30: kati ya wanafunzi 100 wa vyuo vikuu, 70 waende sayansi na teknolojia, 30 wabaki sayansi za jamii na sanaa. Faida yake inaeleweka, nchi inataka wahandisi. Ila ukijaza viti 70 kwa amri, hujajaza walimu 70 wa kuwafundisha wala maabara za kufanyia kazi, na yule aliyekuwa awe mwanasheria mzuri unamgeuza fundi asiye na moyo. Sisi tulikuwa na mfumo laini zaidi: kuanzia 2010 waombaji walijaza orodha ya kozi kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, na kompyuta ikawapanga. Ulipunguza foleni na ulipunguza mtu mmoja kushikilia viti vitano. Mwaka 2017 uliachwa, waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja, na aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja huthibitisha kimoja. Kwangu utaratibu wa sasa ni bora, hata kama una usumbufu wake, kwa sababu mtu akikosa anajua amekosa wapi.

Lakini tusidanganyane: kwa aliye maskini, mchaguzi ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ile ya Muungano, HESLB, iliyoanza kazi 2005, hazina fedha za kila mtu. HESLB huzipa uzito zaidi fani kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hesabu. Hakuna anayekukataza kusoma sosholojia. Utakatazwa na mfuko wako. Je, hiyo ni haki? Nimekaa na swali hili na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Fedha ni za umma, na umma una haki ya kuziweka penye upungufu. Kuvuta kwa mkopo ni tofauti na kufunga mlango, maana anayeweza kujilipia, au anayepata ufadhili kwengine, bado anapita. Sharti ni kwamba vipaumbele vitangazwe kabla ya kombi ya Kidato cha Tano, si baada ya matokeo ya sita. Mtoto aliyepelekwa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) na skuli ya serikali hiyo hiyo, asije akaadhibiwa na bodi kwa kutokusoma fizikia.

Na kuhusu riba, kwa kuwa suala hili huzuia wengi kwetu: ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa HESLB ilifutwa mwaka 2021. Makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yapo, hayo ni marejesho ya deni lenyewe. Familia iliyokataa mkopo miaka ile kwa sababu ya dini inaweza kwenda kuuliza upya.

Ukishaingia chuoni

Hapa ulinganisho hubadilika, na watu wengi hawaufikirii kabisa. Shahada ya miaka mitatu kwa utaratibu wetu ni krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ndani ya hizo, zilizo nyingi ni za lazima. Mwanafunzi wa fani yoyote atakutana na masomo ya maendeleo, ile DS wanayoilalamikia wote, na stadi za mawasiliano. Hiari huja kidogo kidogo, zaidi mwaka wa pili na wa tatu.

Marekani waliujaribu upande wa pili, ule wa hiari tupu, mpaka mwisho wake. Charles William Eliot alipoongoza Chuo Kikuu cha Harvard, kuanzia 1869 hadi 1909, aliondoa masomo ya lazima moja baada ya jengine, na kufikia mwisho wa karne ya 19 karibu kila kitu kilikuwa cha hiari isipokuwa uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza. Waliokuwa na kiu walipaa. Waliokuwa wavivu waliokota masomo mepesi ya mwanzo mwanzo, hili na lile, wakatoka na shahada isiyo na uti wa mgongo. Aliyemfuata, Lowell, akarudisha hatamu: kila mtu awe na fani moja ya kuzama, na masomo machache ya nje ya fani yake. Chuo Kikuu cha Brown kimeshika njia ya uhuru mpana tokea 1969 na kinaendelea nayo, lakini nacho kinamtaka mwanafunzi awe na fani, na kina washauri wa kumkalisha chini.

Nenda sasa ukumbi wowote wa kwetu siku ya kujaza masomo ya hiari. Swali la kwanza utakalolisikia ni "huyu mhadhiri anatoa A?" Mada ya somo huulizwa baadaye, au haiulizwi. Sisemi wanafunzi wetu ni wabaya kuliko wa Harvard ya Eliot. Wanafanya kile kile, na sababu ipo: GPA, yaani wastani wa alama, inaombwa kazini, elimu haiombwi. Lakini ndiyo maana hapa nampa chuo kalamu. Cheti kinabeba jina la chuo, na anayekiamini ni mtu wa tatu: mgonjwa, mwenye nyumba inayojengwa, mzazi wa mtoto atakayefundishwa. Mwanafunzi wa uuguzi asiachiwe kuchagua kama atasoma dawa au la. Masomo ya uti wa mgongo yawe ya lazima bila huruma, tena yote mwaka wa kwanza na nusu ya wa pili. Baada ya hapo chuo kifungue mlango zaidi ya kinavyofungua leo. Mwanafunzi wa utalii aweze kuchukua somo la sayansi ya bahari au Kijerumani. Mwanafunzi wa sheria aweze kusoma uhasibu wa msingi. Kanzu moja haiwaenei ndugu wote, na kozi za hiari mbili zisizo na mwalimu si hiari.

Wewe uliye na fomu mkononi

Kama kombi yako na pointi zako zinakupa kozi zaidi ya moja, na unajua unachokitaka, fanya jambo moja kabla ya kwenda kwa mzee wako: tafuta mtaala wa mwaka wa pili wa kozi hiyo. Wa kwanza hauna maana sana, ni utangulizi. Wa pili ndio unaoonyesha sura ya kozi. Kama majina ya masomo yale hayakutishi, na unaweza kumweleza mama kwa Kiswahili cha nyumbani kila moja linahusu nini, umeshamaliza nusu ya ubishi. Mzazi huogopa kozi asiyoielewa, na aliyeeleweshwa hulegea. Kisha fungua matangazo ya ajira, yale ya Bara na ya ZanAjira kwa hapa Zanzibar, usome sifa zinazoandikwa. Matangazo yanataja fani kwa majina, na utakuta kozi mbili zinazofanana kwa sikio, moja inatajwa na nyengine haitajwi.

Kama hujui unachokitaka, na hilo si aibu kwa mtu wa miaka 19, basi usichague kozi nyembamba. Usiende petroli, usiende usimamizi wa jambo moja mahsusi. Chukua kozi pana ndani ya familia yako: mwenye EGM achukue takwimu au uchumi, mwenye PCB achukue sayansi ya msingi pamoja na ualimu, mwenye lugha achukue lugha mbili, si moja. Upana huo utakusaidia kugeuka baadaye.

Kama mzazi anataka kozi moja na wewe nyengine, na pointi zako zinafaa zote mbili, ombeni zote mbili. Utaratibu unaruhusu. Ugomvi wenu usogezwe mpaka majina yatoke, pengine mmoja wenu atakuwa amekosa na nyumba itapumua. Ukichaguliwa kote, mna siku chache za kuthibitisha, na wengi hupoteza nafasi hapa kwa kuendelea kubishana mpaka dirisha linafungwa. Wekeni siku ya mwisho yenu wenyewe, kabla ya ile ya tume. Siku hiyo ikifika na hamjakubaliana, ashike kalamu yule anayeweza kuieleza kozi. Mara nyingi atakuwa mtoto. Akiwa hawezi kuieleza na baba anaweza, kwa sababu baba ameifanya kazi hiyo au ameuliza vya kutosha, basi naona baba ameipata kwa haki.

Na aliyekwisha kuthibitisha kozi ya baba, akafika Tunguu moyo ukamkatalia, asisubiri sapu za muhula wa kwanza zimsemee. Vyuo huruhusu kuhama kozi wiki za mwanzo, kwa mwenye sifa za kozi anayoitaka na nafasi ikiwapo. Aende ofisi ya udahili wiki ya kwanza na vyeti vyake, aulize papo hapo mkopo wake unahamishwa vipi, maana mkopo hauhami wenyewe. Nyumbani apige simu baada ya kupata jibu, akiwa na jambo la kusema.